Wazazi, Tusome na Watoto Wetu Habari za Afya ya Akili

  

Katika jarida letu la mwaka tumezoea kuandika juu ya tohara, swala, adabu za mwanafunzi na hesabu za mirathi. Mara hii naomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za Maruku, na nadhani Bukoba na Muleba nzima, linatajwa kwa kunong'ona tu, nalo ni maradhi ya akili. Rai yangu ni kwamba mzazi na mtoto wakae wasome pamoja habari za maradhi haya, nyumbani, kwa sauti, kama wanavyosoma Juzuu Amma. Nimesema wasome, na si kuongea tu. Sababu nitaieleza mbele.

Tuanze na historia, maana ni ya kwetu wenyewe, na inasikitisha kwamba inajulikana zaidi vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani kuliko hapa. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili tangu ipate uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni iliyokuwa Kashasha, ambayo leo iko wilaya ya Muleba, walianza kucheka bila kujizuia. Kicheko kiligeuka kilio, kilio kikageuka kicheko. Kwa baadhi yao kilidumu dakika chache, kwa wengine saa kadhaa, kikaacha na kurudi tena, na wako waliosumbuka kwa siku 16. Walikuwa wanahangaika, wengine wanakimbia huku na huko kwa hofu, na aliyejaribu kuwashika waliweza kumpiga. Kufikia tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha patwa, na shule ikafungwa.

Wasichana wakarudishwa kwao. Siku kama 10 baadaye hali ileile ikatokea Nshamba, ambako baadhi yao walikuwa wanatoka, na katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 walipatwa, wengi wao vijana na watoto. Mwezi Juni ikaingia shule ya wasichana ya Ramashenye karibu na Bukoba mjini, wasichana 48 kati ya 154. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Miongoni mwa sehemu zilizotajwa katika taarifa za wakati ule iko Kanyangereka, jina linalofanana na la kata jirani yetu ya Kanyangereko. Wenyeji waliuita ugonjwa huo "enwara yokusheka", yaani maradhi ya kucheka, na wengine wakasema "akajanja", wazimu basi.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuandika taarifa yao mwaka 1963. Walipima damu, wakachunguza chakula, wakatafuta sumu na vijidudu, wasikute kitu. Hakuna aliyekufa. Walimu wa shule hawakupatwa hata mmoja. Watu wa vijijini walikuwa na maelezo yao, na wapo waliodhani hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa na mataifa makubwa. Madaktari walifikia kwamba ni maradhi ya nafsi yaliyoenea kwa kuonana na kusikilizana. Mwaka 2007 mtafiti Christian Hempelmann aliyarejea maandishi yale akasisitiza kwamba kile hakikuwa kicheko cha furaha hata kidogo, na kwamba chanzo chake ni dhiki ya moyo. Watoto wa umri wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, kwenye bweni lenye amri kali, na nchi nzima imebadilika ghafla.

Msomaji atauliza, haya ya miaka zaidi ya sitini iliyopita yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu hatujaacha kufanya lile walilofanya watu wa 1962. Mwili wa mtoto unaposema jambo ambalo ulimi wake haukuweza kulisema, sisi hukimbilia moja ya majibu mawili: ni jini, au ni jeuri. La kwanza huletewa mganga na la pili huletewa fimbo. Habari za wasichana kuanguka darasani na kupiga mayowe zimesikika mara nyingi katika mikoa mbalimbali ya Tanzania, na kila mara mwendo ni uleule, shule inafungwa, wazee wanaitwa, mbuzi anatafutwa, na hakuna anayekaa chini na mtoto mmoja kumuuliza taratibu, mwanangu, unaogopa nini?

Na sasa tuje kwetu Maruku. Tarehe 21 Machi 2023, Ramadhani ya mwaka 1444 ikiwa inakaribia kabisa kuandama, Serikali ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko ni Marburg. Ilikuwa ni mara ya kwanza ugonjwa huo kuthibitishwa Tanzania. Kwa hesabu ya mwisho walipatwa watu 9 na wakafariki 6, na tarehe 2 Juni 2023 ukatangazwa kwisha. Zaidi ya watu 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Kwa hesabu za dunia ni mlipuko mdogo, nao ulizimwa vizuri, tunawashukuru wahudumu wa afya kwa hilo. Lakini nani alihesabu usingizi wa watoto? Mtoto wa miaka minane aliambiwa asimpe babu yake mkono. Akaona watu waliovaa mavazi kama ya plastiki toka utosini hadi miguuni wanaingia mgombani kwa jirani. Akasikia kwamba maiti wa ugonjwa ule haoshwi na jamaa zake kama tulivyozoea, wakati madrasa alikuwa amefundishwa kwamba kumwosha maiti ni haki yake juu yetu. Akaenda mjini akaulizwa anatoka wapi, akisema Maruku watu wanarudi nyuma hatua mbili. Haya yote yaliingia moyoni mwa mtoto yule, na mengi hayajatoka kwa sababu hakuna aliyeyatoa.

Mkoa wetu una msululu wa mambo ya namna hii. Tarehe 10 Septemba 2016, siku mbili tatu kabla ya Idd al-Hajj, ardhi ilitetemeka nyumba zikaanguka na watu wasiopungua 17 wakafa. Wapo watoto waliokataa kulala ndani kwa muda mrefu, na mpaka leo wako watu wazima ambao lori likipita na kutikisa dirisha wanasimama. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani, hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba, wakafa 19, na watu walisimama ufukweni wakitazama. Rudini nyuma zaidi. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na kuchukua mamia ya roho. Na kabla ya hapo, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa hapahapa Kagera.

Hapo kwenye UKIMWI nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo penye fundo la kimya chetu. Wazazi wengi wa leo, wenye miaka thelathini na kitu na arobaini na kitu, ndio watoto wa wakati ule. Wengi walilelewa na bibi. Waliona baba akikonda, kisha mama, wakaambiwa nendeni mkacheze. Baada ya maziko walitawanywa kwa mashangazi na baba wadogo, na hakuna aliyewaeleza kitu, si kwa ubaya, ila bibi mwenyewe alikuwa amezika watoto wanne na hakuwa na maneno. Mtu aliyekua hivyo akizaa, atayatoa wapi maneno ya kumwambia mwanawe? Hakurithishwa. Ndiyo maana nasema tusome. Maneno ambayo mzazi hana, kitabu kinayo.

Kusoma kuna faida nyingine ambayo mazungumzo matupu hayana. Katika malezi yetu, mtoto hamkazii macho baba yake akamwambia, baba, naogopa, au, baba, sitaki kuishi. Adabu yenyewe inamzuia, na baba naye hajui atajibu nini, atasema "jikaze, wewe ni mwanaume". Lakini kitabu kikiwa katikati, wote wawili wanatazama ukurasa. Hakuna anayetuhumiwa. Mtoto anasoma habari za mtu mwingine, na akifika mahali pa kwake sauti yake itabadilika, au ataacha kusoma, au atauliza, "Na mtu akiwa hivyo anafanywaje?" Mzazi mwenye akili hatasema "kwani wewe uko hivyo?" Atasema "tuendelee kusoma tuone." Huo ndio mlango, na mtoto akiona mara mbili tatu kwamba hakufokewa, ataingia mwenyewe.

Kuna atakayesema, mimi sikusoma sana, nitamsomea nini mtoto wa darasa la saba? Basi yeye akusomee. Bibi asiyejua herufi hata moja akae akimenya ndizi na mjukuu asome. Kwa kweli hapo pana baraka zaidi, kwa sababu bibi atasimamisha na kusema, "Hata kaka yangu alikuwa hivyo," na mjukuu atasikia jambo ambalo lilikuwa limefungwa ndani ya ukoo miaka hamsini.

Sasa tusome nini? Vitabu vya Kiswahili vya afya ya akili vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto ni vichache, hilo nakiri. Lakini sisi Waislamu tuna pa kuanzia. Tafsiri ya Qur'ani Tukufu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969 imo katika nyumba nyingi, na ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani pia. Fungueni Surat Yusuf. Watoto wetu wanaisoma kwa tajwidi nzuri, lakini waulizeni Nabii Yaaqub (a.s.) alipatwa na nini baada ya kumkosa mwanawe. Alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Watoto wake wakamlaumu kwamba ataendelea kumtaja Yusuf mpaka aharibike au afe. Akawajibu kwamba mashtaka yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kisha, na hili ndilo ambalo watu hulipita haraka, papo hapo akawaagiza waende wakatafute, wasikate tamaa na rehma ya Mwenyezi Mungu. Huyu ni Nabii. Alilia miaka, akaomba, na akatuma watu wakatafute. Nani basi atathubutu kumwambia mtoto aliyefiwa na mama yake kwamba kuhuzunika muda mrefu ni upungufu wa imani?

Nendeni na Surat Maryam. Bibi Maryam (a.s.), mwanamke bora, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, peke yake, chini ya mtende, na aibu ya watu ikimngoja, alitamani laiti angekuwa amekufa kabla ya hayo na kusahauliwa kabisa. Maneno hayo yamo ndani ya Qur'ani. Tazama alivyojibiwa. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa autikise mtende tende zimwangukie, ale, anywe na atulie. Alipewa chakula, maji na faraja, na akapunguziwa kuongea na watu mpaka apate nguvu. Mzazi ambaye binti yake amesema "bora nife" akasome aya hizo kabla hajafungua mdomo. Na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema kwamba kumuuliza mtu kwa upole kama anafikiria kujidhuru hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitoa.

Kuna dua ambayo watoto wa madrasa wanaihifadhi mapema, ile ambayo Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na hamu na hazani. Watoto wanaisoma kwa kasi kama kasuku. Waelezeni. Wanavyuoni wamefafanua kwamba hamu ni dhiki ya jambo linalokuja, na hazani ni huzuni ya jambo lililopita. Mtoto anayeogopa mtihani ana la kwanza, na mtoto aliyezika ana la pili. Akijua tofauti hiyo ataweza kukuambia, "Mwalimu, mimi nina hamu," badala ya kusema tumbo linauma. Na neno letu la Kiswahili wasiwasi tumelitoa katika waswasi ya Kiarabu, ileile ya Surat an-Nas. Yuko mwanafunzi anayetawadha mara kumi kwa swala moja, anahisi hakulowa, anarudia takbira mpaka imamu anarukuu. Wenzake humcheka na mwalimu humkaripia. Huyo si mtukutu. Hali hiyo inajulikana katika fiqhi na inajulikana katika tiba, na inatibika.

Nitamtaja mtu mmoja ambaye ningependa kila mwanafunzi wetu amjue. Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alishangaa kwamba matabibu wanaandika juu ya mwili na kuiacha nafsi, wakati nafsi nayo inaugua. Akaeleza hasira, hofu, huzuni na waswasi, kila moja na tiba yake. Akagawa huzuni kuwa yenye sababu inayojulikana na ile ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi. Na akashauri kwamba mtu akiwa mzima aweke akiba ya fikra njema za kumtuliza, kama nyumba inavyoweka dawa kabla ugonjwa haujaingia. Baadaye miji ya Kiislamu ilijenga hospitali, mathalan ile ya Sultan Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ambamo wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao na wakitunzwa. Basi anayesema kwamba haya ni mambo ya wazungu, historia haijamfikia.

Aidha kuna la Bibi Aisha (r.a.), ambaye ukitokea msiba katika jamaa zake aliagiza ipikwe talbina, uji wa shayiri, akasema kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Uji! Sisi tunapeleka uji msibani kila siku bila kujua kwamba tuna sunna mkononi. Mwaka waliofariki Bibi Khadija (r.a.) na Abu Talib unaitwa katika sira Mwaka wa Huzuni. Na Mtume (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mbele ya watu.

Najua lawama ziko njiani. Kuna watakaosema kwamba mtu mwenye Qur'ani hapatwi na sonona, anayepatwa ameacha dhikri. Wanaosema hivyo hawamwambii mgonjwa wa malaria kwamba ameacha swala. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na hakutoa ubongo katika kauli hiyo. Wala sikatai ruqya. Kumsomea mgonjwa ni sunna, na wengi hutulia kwayo. Ninachokataa ni ruqya ya kumfunga mtu kamba, kumchapa ili "jini atoke", kumnyima chakula, na kumtoza mama mjane mbuzi na laki moja. Hiyo si ruqya, ni dhulma, na mtoto akisoma habari sahihi tangu mdogo hatadanganywa akiwa mkubwa. Kifafa ni mfano ulio wazi. Ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi kwa mate wala kwa kumshika mgonjwa, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuimeza kila siku. Wangapi kwetu wameungua motoni jikoni kwa sababu dawa ilisubiri mganga amalize?

Wengine watasema unamfungulia mtoto mlango wa mambo ambayo hayajui. Anayajua. Shirika hilohilo linakadiria kwamba mtoto mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la madrasa lenye watoto 35 ni kama watoto watano. Mnawajua? Mimi nawafundisha na sina hakika kwamba nawajua wote.

Nanyi wanafunzi, kwenu nina maneno machache. Mnahifadhi katika fiqhi kwamba masharti ya kuwajibika kisheria ni pamoja na akili na baleghe. Mnahifadhi kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Ikiwa Allah (s.w.) amemwinulia kalamu, nyinyi mnapata wapi ruhusa ya kumrushia mawe pale njia panda? Tena wengine mnasema "huyu wa Mirembe", kana kwamba ni tusi. Mirembe ni hospitali, iko Dodoma tangu mwaka 1927, na watu huenda kule wakapona na kurudi kwao.

Walimu wenzangu nao wasinune nikisema kwamba mtoto anayekojoa kitandani usiku wa Ijumaa kwa kuwa Jumamosi kuna fimbo, hajifunzi Qur'ani, anajifunza hofu. Hili wazazi walitazame pia, na waje waseme.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu mdogo. Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, dakika 20 zinatosha. Simu zizimwe, hasa ya baba. Msome ukurasa mmoja au mbili, kwa zamu, na mkubwa aanze. Mkimaliza Yusuf na Maryam mnaweza kuchukua sira ya Mwaka wa Huzuni, kisha habari hii ya Kashasha ya 1962, na muwaulize wazee kama wapo wanaoikumbuka, maana aliyekuwa na miaka 12 wakati ule bado anaweza kuwa hai na anajua mengi kuliko vitabu. Vipeperushi vya afya mnavyopewa zahanati msivifungie karanga, visomeni. Maktaba ya mkoa iko Bukoba mjini, anayeshuka sokoni na ndizi zake apite na mtoto aulize. Mtoto akikosea matamshi msimkatize kila neno, siku hiyo si ya tajwidi.

Na mkiona mabadiliko, yaani mtoto amekuwa mkimya kuliko kawaida, hali au anakula mno, hapati usingizi au analala mchana kutwa, amejitenga na wenzake, anaumwa tumbo na kichwa kila siku na vipimo havionyeshi kitu, ameshuka ghafla darasani, na hali hiyo imefika wiki mbili haiondoki, msingoje. Nendeni zahanati mkaeleze waziwazi kwamba ni jambo la moyo na akili, ombeni barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bukoba. Akiwa amesema anataka kujidhuru, nendeni siku hiyohiyo na asiachwe peke yake, na viuatilifu vya shambani vifungiwe mbali naye. Akipewa dawa asiachishwe kwa sababu ameonekana amepona, mpaka daktari aseme. Iko pia namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Hapa madrasa, kuanzia mwezi wa Shaaban, tutatenga Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi kwa wazazi wanaopenda kuja kusoma na watoto wao msikitini baina ya Maghrib na Isha, kina mama upande wao. Hakuna ada. Anayeweza aje na msahafu wenye tafsiri, maana tulio nao ni mitatu tu na mmoja umetoka majani. Wasiojua kusoma ndio hasa tunaowasubiri, waje na wajukuu.

Wabillahi tawfiq.